Kebo Nilizoziua

Kanisani kwetu Ruaha mtu akisimama kutoa ushuhuda huanza na pombe, au wizi, au ndoa aliyoivunja kwa mikono yake. Mimi ushuhuda wa namna hiyo sina, au ninao lakini si wa kuandika hapa. Wangu ni wa kebo. Kwa miaka kama saba nililipwa kupima kebo za umeme zilizofukiwa ardhini, na baadhi yake ni mimi niliyezimaliza. Hakuna aliyenishitaki. Vipimo vyangu vilikuwa na tarehe na saini, na chini ya kila karatasi niliandika kwa herufi kubwa: IMEPITA.

Nimezaliwa Ruaha, upande wa Kilosa, ng'ambo ya mto ukitokea Kidatu. Anayepajua anapajua: milima ya Vidunda juu, miwa chini, na Ruaha Mkuu unateremka kati. Mtambo wa Kidatu ulianza kuzalisha umeme mwaka 1975, ukaongezewa mashine mwaka 1980 hadi kufika megawati 204. Mjomba wangu alibeba mawe wakati wa kuchimba handaki lake, na mpaka anazeeka alikohoa kila alipolitaja. Umeme wenyewe ulitoka chini ya mlima, ukapanda kwenye minara ya kilovolti 220, ukashika njia ya Morogoro na Dar es Salaam. Sisi nyumbani tulisomea koroboi. Nafikiri ndicho kilichonitia kwenye ufundi: usiku wa ukungu unasikia waya zinavuma juu, unajua kuna kitu kinapita, hukioni.

Ufundi nilisomea Mikumi. Walimu wangu walikuwa wazuri na siwalaumu kwa yanayofuata. Walinifundisha walichokijua, na mimi nikakishika kama mtu anavyoshika amri kumi.

Nchi yetu ni ya nguzo na nyaya za juu. Kebo ya ardhini utaikuta mahali maalumu: inapovuka barabara kuu, inapoingia kiwandani, kwenye hoteli ambayo mwenyewe hataki nguzo mbele ya mandhari, kwenye pampu za mashambani. Nguzo ikioza hata mchunga mbuzi ataiona imeinama. Kebo inazeekea gizani. Ndiyo maana mwenye kebo huita mtu aje aipime: inapokwisha kulazwa, inapokwisha kutengenezwa, au akiwa tu na wasiwasi.

Kipimo cha kwanza ni mega. Kila fundi anacho au anakiazima. Kinatoa volti elfu chache, kinakuambia kama kebo imelowa au waya umegusana na ganda. Mega ni sawa na kumgusa mgonjwa paji la uso. Ukitaka kujua kama kebo itahimili kazi lazima uipige volti kubwa kuliko ile iliyozoea, na wakati wetu volti hiyo ilikuwa ya mkondo mnyoofu, DC. Kebo ya kilovolti 11 tuliipiga kilovolti 25 kwa dakika 15. Unapandisha taratibu, unatazama mshale wa maikroampea. Ukishuka na kutulia, unatabasamu. Sanduku lenyewe mtu mmoja analibeba, linatumia umeme kidogo, na mteja akiona mshale umetulia naye anatulia. Nililipenda sanduku lile. Nililifuta vumbi kuliko nilivyofuta viatu vyangu.

Sasa nije kwenye kisa.

Mwisho wa Desemba 2009 mvua zilinyesha Kilosa mpaka mto Mkondoa ukavunja kingo. Waliokuwepo hawajasahau. Maelfu ya watu walilala kwenye mahema, na reli ya kati ikasombwa kati ya Kilosa na Gulwe. Siku zilezile redio ilikuwa inatangaza habari za Unguja, kisiwa kizima gizani tangu tarehe 10 Desemba kwa sababu ya kebo inayowaletea umeme kutoka bara, iliyolazwa chini ya bahari mwaka 1980. Umeme haukurudi mpaka Machi. Nakumbuka nikiwa nimekaa kwenye kibaraza huko Kilosa, miguu kwenye tope, nikisikia kuwa watu wa Mjini Magharibi wananunua maji kwa ndoo kwa sababu pampu zimesimama. Nikajisemea, hawa wangeniita mimi. Ujinga wa kijana huo.

Mteja wangu alikuwa bondeni, nje kidogo ya mji wa Kilosa, mtu mwenye pampu za kumwagilia. Simtaji. Kebo yake ya kilovolti 11 ilikuwa na urefu wa mita 900, imefukiwa miaka mingi kabla sijaanza kazi, ndani ya udongo mzito wa mfinyanzi ambao hata kiangazi ukichimba mita moja unakutana na unyevu. Mafuriko yalipopungua, kebo ikatripu. Tukatafuta, tukachimba, tukakata kipande kibovu, tukaunga jointi mbili. Nikatoa sanduku langu. Kilovolti 25, dakika 15, mshale ukatulia. IMEPITA. Tukawasha, tukapewa kuku, tukaondoka.

Siku ya tatu simu ikalia. Imeanguka tena, si kwenye jointi zetu, bali mita arobaini mbele, mahali ambapo hakuna aliyegusa. Tukarudi. Tukaunga, nikapima, ikapita. Baada ya siku tisa ikaanguka kwingine. Mpaka mvua za masika zinakwisha kebo ile ilikuwa na jointi nane, imejaa viraka kama suruali ya mchoma mkaa. Mwenye shamba hakunifokea, na hilo liliniuma zaidi. Alisema tu, "Fundi, kila unapoipima na kusema ni nzima, ndipo inapokufa."

Nilimjibu kwamba kebo imezeeka. Jibu lilikuwa la kweli nusu, na nusu ile nyingine sikuijua.

Kuna kitu kingine kilichopaswa kunifungua macho mapema. Ukimaliza kupima kwa DC lazima uimwage kebo, yaani uiunge na ethi ili umeme uliojazwa ndani uteremke ardhini. Siku moja kijana wangu aliimwaga, akaondoa fimbo ya ethi, akaenda kunywa maji, akarudi kufungua klipu. Ilimrusha. Hakuumia sana, namshukuru Mungu, lakini alikaa chini ya mwembe nusu saa akitazama mkono wake. Nikamgombeza kuwa hakuimwaga vizuri. Alikuwa ameimwaga. Umeme ulikuwa umejificha ndani ya plastiki yenyewe, na alipogeuza mgongo ukatoka tena. Niliona kwa macho yangu kwamba kebo inabaki na kitu baada ya kipimo, nisijiulize kinafanya nini mle ndani tukishawasha.

Miaka mitatu baadaye nilipata kibarua Dar es Salaam kwa mkandarasi mmoja, kazi ya kuunga jointi. Alikuwepo mzee aliyeanza na kebo za zamani zile za karatasi iliyoloweshwa mafuta ndani ya ganda la risasi. Mtu wa maneno machache. Siku moja tukiwa tunangoja ubuyu ukatwe bei na muuzaji, nikamsimulia kisa cha Kilosa, nikitarajia anihurumie.

"Kebo ya karatasi au ya plastiki?" akauliza.

"Ya plastiki, mzee. XLPE."

"Na ukaipiga DC."

"Ndiyo, mzee."

"Kila ikianguka."

"Kila ikianguka."

Akala ubuyu kwanza. "Mwanangu, wewe ni fundi au mchawi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanieleza, na maelezo yake ninayatumia mpaka leo kwa vijana wangu. Umeme unaoishi ndani ya kebo kila siku unageuka: mbele, nyuma, mizunguko 50 kwa sekunde. DC haigeuki. Unasukuma upande mmoja robo saa nzima. Karatasi na mafuta ziliyavumilia hayo, na kebo za wazee zilipimwa hivyo miaka na miaka bila shida. Plastiki ina tabia nyingine. Kama kebo ni kuukuu na imekaa majini, ndani yake kumeota vitu wanavyoviita miti ya maji: nyufa ndogo mno zenye unyevu, zinazochanua kama kichaka kutoka kwenye uchafu au kwenye mkwaruzo wa kiwandani. Ukiisukuma DC, chembe za umeme zinaingia kwenye vichaka hivyo na kunasa, kama tope linavyonasa kwenye mfereji wa mpunga. Wakati wa kipimo kila kitu kinaonekana kimetulia. Ukizima, zimo. Ukiwasha umeme wa kawaida, msukumo wake unajumlika na wa zile zilizonaswa, na pale kwenye ncha ya kichaka plastiki inazidiwa. Siku ya tatu. Siku ya tisa.

"Hukupima," mzee akasema. "Ulitega."

Baadaye nilikuja kujua kwamba hilo halikuwa siri. Lilikuwa limejulikana kwa miaka mingi, na chama cha wahandisi cha kimataifa kiitwacho IEEE kilikuwa kimekwisha kutoa mwongozo wa njia nyingine mwaka 2004, kikaurekebisha mwaka 2013. Mimi mwaka 2010 nilikuwa bado nazungusha kitasa cha DC Kilosa. Elimu nayo ina umeme wake: hupita juu ya vichwa vya watu kwenda kwingine.

Njia yenyewe ni rahisi kuieleza na ngumu kuiamini ukiiona mara ya kwanza. Badala ya mizunguko 50 kwa sekunde, unaipa kebo mzunguko mmoja kwa sekunde 10. Hezi 0.1. Volti inapanda polepole upande chanya, inashuka, inapita sifuri, inapanda upande hasi, inarudi. Inageuka, kwa hiyo chembe hazipati muda wa kuweka makazi. Lakini inageuka kwa uvivu wa kobe.

Kwa nini uvivu? Mzee aliniambia nikokotoe mwenyewe, nikakokotoa usiku ule nyuma ya risiti ya mafuta. Kebo ni kapasita ndefu: kondakta ndani, skrini ya shaba nje, plastiki katikati. Kapasita hunywa umeme kila unapoigeuza, na kadiri unavyoigeuza haraka ndivyo inavyokunywa zaidi. Kilomita moja ya kebo ya kawaida ya kilovolti 11 ina maikrofaradi 0.37 hivi. Volti yake ya kazi kati ya waya na ardhi ni kilovolti 6.35, kebo mpya hupimwa mpaka mara tatu ya hapo, kilovolti 19. Ukitaka kuipa kilovolti 19 kwa mizunguko 50, unahitaji zaidi ya ampea 2, na mtambo wa kilovolti-ampea 42. Hilo ni genereta juu ya lori, na transfoma maalumu juu ya lori la pili, na barabara ya Mikumi hadi Kilosa wakati huo ilikuwa ya vumbi. Kwa sekunde 10 kila mzunguko, mahitaji yanagawanywa kwa 500. Ampea 2 zinakuwa miliampea 4 na kidogo. Mtambo unashuka chini ya volti-ampea 100, sawa na balbu moja ya zamani ya sebuleni.

Nilikaa nikiitazama ile risiti. Balbu moja. Lori mbili zinaingia ndani ya sanduku la kubebwa na watu wawili, kwa kukubali tu kungoja sekunde kumi.

Mara ya kwanza kuliona likifanya kazi nililicheka. Kwenye kioo mstari ulikuwa unapanda na kushuka kama mtu anayebembeleza mtoto. Nikasema, hii mashine inapima kebo au inailaza? Nilizoea mshale unaoruka na kutulia, dakika 15, kwaheri. Hii inataka nusu saa, na ukitaka uhakika saa nzima. Saa nzima ina mizunguko 360 tu. Unakaa na kiti chako cha plastiki, umezungusha utepe mwekundu, umeweka mlinzi kila ncha ya kebo, na unangoja. Kungoja kwenyewe ndiko kipimo. Penye udhaifu wa kweli kunaanza ufa wa umeme, na ufa ukishaanza, volti hii inaukuza mpaka uvunjike mbele yako, ndani ya saa ile, badala ya usiku wa Jumanne ijayo.

Mwaka 2014 nilimrudia mteja wangu wa Kilosa. Sikuitwa. Nilikodi sanduku Dar es Salaam kwa pesa yangu, nikapanda nalo basi mpaka Morogoro huku nimeliwekea mguu, na kutoka pale nikatafuta gari. Nilimkuta amefunga nusu ya pampu. "Shikamoo," nikamwambia, "nimekuja kukueleza nilichokifanya." Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimeokoka. Nikamwambia nilishaokoka, hili ni jingine.

Kebo kuukuu hatuipigi mara tatu. Tukaweka kama kilovolti 13, mara mbili ya volti yake ya kazi. Fezi ya njano na ya buluu zilimaliza nusu saa. Nyekundu ikafika dakika ya 23, mstari ukiwa unapanda, ukakatika. Hakuna kishindo, kebo ipo chini ya ardhi. Sanduku lilijizima tu na kioo kikaandika kilichoandika. Mwenye shamba akasimama. "Ilikuwa inafanya kazi! Asubuhi hii ilikuwa inafanya kazi. Umeiua wewe tena."

Hapo ndipo ushuhuda wangu unaponipa taabu, kwa sababu alikuwa na haki. Kebo ile pengine ingeishi mwezi, pengine msimu mzima. Nilimwambia kuwa imevunjika mchana, kiangazi, mimi nipo, mafundi wapo, jembe lipo. Kwamba vinginevyo ingevunjika mpunga ukiwa unachanua. Hakukubali siku ile. Hata sasa wapo mafundi wenzangu wasiokubali kuvunja kitu kinachofanya kazi, na siwezi kuwaita wajinga.

Tukairushia mapigo kutafuta mahali. Hiyo ni mashine nyingine, inapiga kebo kwa pigo la ghafla kila sekunde chache, nawe unatembea juu ya njia yake umeinama, ukisikiliza ardhi. Dup. Dup. Watoto wa pale walitufuata nyuma nao wameinama, wanaitikia. Tulichimba penye mlio mkubwa, tukakata. Safari hii sikutupa kipande. Mzee alikuwa amenipa chupa ndogo ya rangi ya buluu ya maabara, methilini bluu. Nikakata plastiki kwa wembe vipande vyembamba kama ngozi ya kitunguu, nikavitokosa ndani ya rangi kwenye sufuria ya mkewe mwenye shamba, ambayo nilimnunulia nyingine. Nikakiinua kipande kimoja juani.

Plastiki ya kebo ile ina unene wa milimita 3.4. Ndani yake kulikuwa na msitu. Vichaka vya buluu, vingine vidogo katikati kama tai ya shingoni, vingine vimeota kutoka ukingoni, na kimoja kimevuka karibu unene wote. Nikampa mwenye shamba ashike. Akageuza, akageuza tena. Hakusema kitu kuhusu kuuawa kwa kebo baada ya hapo. Alinunua mpya.

Nisizidishe sifa. Sanduku hili si la kila kebo. Ile ya kilovolti 132 ya kwenda Unguja, na mwenzake mpya iliyozinduliwa mwaka 2013, huwezi kuipima kwa kitu unachopanda nacho basi. Kebo za ukubwa huo hupimwa kwa mitambo ya mwangwi, yenye mizunguko kati ya 20 na 300 kwa sekunde, na hayo ni malori kweli. Na kebo kupita kwenye hezi 0.1 si cheti cha kuishi milele. Siku hizi, penye nafasi, napima kwanza tani delta: kiasi gani cha umeme plastiki inakula yenyewe badala ya kuutunza. Ukipandisha volti na ulaji ukapanda nao kwa pupa, unajua vichaka vimo, na unaweza kumshauri mtu bila kumvunjia kitu. Ningekuwa nalo hilo 2014, pengine mwenye shamba asingenipigia kelele.

Tangu hapo nilijipa kazi ya kupitia daftari langu la zamani. Palikuwa na wateja watano niliowapima kwa DC kebo za plastiki zilizokwisha kuzeeka. Wawili walicheka. Mmoja alitaka nimrudishie pesa, nikamrudishia kwa awamu. Mmoja nilikuta amefariki na wanawe hawajui kama pana kebo.

Wa tano ni mama mmoja hapahapa Ruaha, mwenye mashine ya kukoboa mpunga chini ya mlima. Kebo yake ni fupi, mita 120 kutoka kwenye nguzo, na niliipiga kilovolti 25 mwaka 2008 na tena 2011. Nilikwenda na sanduku kwenye bajaji, nimeshapanga maneno ya kuomba radhi. Mashine ilikuwa inaunguruma, pumba zinaruka mpaka barabarani.

"Shikamoo mama. Nimekuja kwa ajili ya ile kebo."

"Marahaba. Ina nini?"

"Haijawahi kuzima?"

"Haijawahi."

Nikazunguka nyuma, nikachota udongo penye njia ya kebo. Changarawe, kavu, inateremka kuelekea korongoni. Maji hayakai pale hata wakati wa masika. Pasipo maji vichaka havioti, na pasipo vichaka DC yangu haikupata pa kunasa. Nikamweleza hivyo, nikamwambia hata hivyo nimekuja kuipima upya, kwa njia sahihi, bure.

Akanitazama, akalitazama sanduku.

"Itachukua muda gani?"

"Saa moja, mama. Na mashine lazima izimwe."

"Foleni ile unaiona?"

Niliiona. Magunia kama thelathini, watu wamekaa juu yake.

"Basi nipe chai," nikasema, nikakaa gunia la mwisho.